Milinganyo na Kigoda cha Baba

Nilipofika nyumbani Itiryo nilikuta kigoda cha marehemu baba kimewekwa katikati ya ua, mbele yake bakuli la uji wa wimbi. Mama alikuwa anaongea na kigoda. Baba mdogo ameinama pembeni yake, anasikiliza.

"Muulize tena," akamwambia. "Mpaka wetu unaishia kwenye mkuyu au mtoni?"

Mama anatetemeka mikono. Ubongo wake umepungukiwa kemikali inayoitwa dopamini, na daktari alimwandikia kidonge cha kuiongeza, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Dopamini ndiyo ninayoisomea chuoni. Naandika milinganyo ya hesabu inayoonyesha jinsi kemikali za ubongo zinavyosukumana: ukipandisha hii, ile inashuka, na kushuka kwake kunarudi kuisukuma ya kwanza. Ukizidisha, mkono unatulia lakini macho yanaanza kuona watu wasiokuwepo. Kwenye kompyuta yangu hiyo ni mistari miwili tu inayopishana.

Baba mdogo aligundua bila kompyuta. Siku moja mama alisahau kwamba ameshameza, akameza tena, akamwona baba. Tangu hapo shemeji yake akawa anampa viwili viwili, maana kesi ya shamba ilikuwa inakwenda kwa wazee wa ukoo, na aliyeujua mpaka ni baba peke yake.

Niliwaka. Hata shikamoo ilinikauka mdomoni.

"Huyu ni mama yangu, si simu ya kupigia wafu!"

"Mura, kijana wangu, punguza sauti. Ng'ombe mkubwa hapewi dawa ya ndama. Na mkono si umetulia?"

Mkono ulikuwa umetulia kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mama alikuwa hali, halali, anafukuza watu kwenye mahindi ambako hakukuwa na mtu. Akili yake inamomonyoka ili mwanaume mzima apate kipande cha shamba! Nilimnyang'anya baba mdogo mkebe wa vidonge mbele ya majirani. Watu wamenituma nikamwombe radhi. Simwombi.

Daktari alimrudisha mama kwenye dozi yake taratibu. Wiki zikapita. Mchana mmoja nilimkuta uani, mkono unatetemeka, uji umemwagikia kanga. Alikuwa anakitazama kigoda.

"Mama, unamwona mtu?"

"Hakuna mtu." Sauti ilikuwa safi, ya mama ninayemjua. "Umemfukuza baba yako, mura. Hata uji wake hakumaliza."