Video Yangu kwenye TV ya Jirani

Jamani, haya nayasimulia huku nimejifunika uso kwa leso, na atakayecheka acheke kwa adabu.

Naishi Mishomoroni, ukuta mmoja na Mama Rukia, na waifai yetu ni moja: fundi alifunga rauta upande wao, nyumba zote mbili tukaunganisha simu na TV humo. Mwanangu wa pekee, Twalibu, tulikuwa tumempelekea posa kwa Rukia, binti yao, na majibu bado. Basi alasiri moja likasimama gari jeupe mlangoni kwao, wakateremka wanaume watatu wenye kanzu za pasi kali (na halwa mkononi!), nami moyo ukanipiga paa. Hawa wameleta posa nyingine! Kwani mbona asubuhi Mama Rukia alinisalimu juu juu tu?

Nikajibana nyuma ya pazia nikawapiga video, huku nanong'ona, "Tazameni wanafiki hawa, wanatuchezea, na huyo mwenye ndevu ana sura ya mwizi." Nilitaka kumtumia dadangu, lakini kwanza nizione sura zao vizuri kwenye TV yangu (macho yangu ya karibu si mazuri), basi nikabonyeza pale pa kurushia picha, simu ikaniletea TV mbili zenye jina moja, nikachagua ya juu. Kwangu giza. Nikabonyeza tena, nikapandisha sauti hadi mwisho, nikilaumu mtandao umelala, kumbe mtandao haujui ukuta, vilivyomo humo vyote vinaonana, na ile niliyochagua ilikuwa TV ya sebuleni kwa Mama Rukia.

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwa jirani: "...ana sura ya mwizi." Kisha mwanamume akasema taratibu, kupitia dirishani:

"Bi Saumu, mwizi ni mimi, ami yake Rukia. Twalikuja kumkubali mwanao. Gari pia ni langu, njoo ulitizame vyema."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kuomba radhi. Mama Rukia akanimiminia kahawa, hakunitukana hata neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Twalibu alikubaliwa, alhamdulillahi, ila kwa sharti moja: Rukia hakai nyumba moja nami. Sasa wawili hao wamepanga nyumba Bamburi.

Nimeapa mgeni wa mtu simchungulii tena. Lakini kiapo chenyewe kina faida gani leo, na chumba cha mwanangu ki kitupu?