Chakula cha Siku ya Tatu

Miaka ile vitu vilianza kumiminika Sumbawanga: mitumba, betri, sabuni za kunukia, na mwishowe dishi, likafungwa juu ya paa la jirani yetu pale Izia. Jirani huyo alikuwa mama wa makamo aliyehamia kutoka Mbeya na mumewe, mtumishi wa serikali. Kila Jumamosi mchana alitufungulia mlango, tukavua viatu, tukakaa mkekani. Nje ukungu ulishuka mpaka madirishani, mji ukapotea, ikabaki televisheni peke yake inang'aa. Tulikuwa kama tunaelea.

Kipindi kilikuwa cha mashindano. Mwanamume mmoja, wanawake kumi na wawili, jumba jeupe lenye bwawa la kuogelea. Kila Jumamosi mwanamke mmoja alikuta sanduku lake limetolewa mlangoni, na huyo ndiye aliyekataliwa. Kiingereza chao kilikuwa cha mbio, kwa hiyo mwenyeji wetu alitutafsiria. Mwanamume aliongea dakika tano nzima, mama yule akasema, "Anasema bado anawaza."

Nami nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la sokoni. Siku za wiki nilikanyaga pedali, gurudumu likizunguka, naona maji ya bwawa lile yanacheza ukutani. Nilijiona natembea kwenye vigae bila viatu, nguo ndefu inaburuta, natazamwa. Wateja walisimama mbele yangu mpaka wakakohoa. Ilikuwa raha, sikatai. Hakuna aliyewahi kunitazama namna ile, au ndivyo nilivyodhani.

Maana alikuwepo mkulima mmoja wa Mpui, aliyekuja mjini kuuza maharage na kila safari alikuwa na mfuko wa suruali uliochanika. Aliketi kwenye benchi langu akingoja nishone, haongei sana. Aliniita fundi. Baada ya mwaka mmoja nilianza kushuku kwamba mifuko ile aliichana mwenyewe, na nikafurahi mpaka nikajichoma sindano. Siku moja mshenga wake akaleta barua ya posa nyumbani. Nilimtaka kijana yule. Neno hilo naliandika hapa waziwazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote.

Kwetu, katika ukoo wa mama, haikuwa lazima kulisema. Kijana aliyeleta posa alipewa siku tatu kwenye shamba la wakwe, mwisho wa masika, wakati nyasi ni ndefu. Kazi yake ni kupiga ntumba, yaani kuzifukia nyasi hizo ndani ya vilima vya udongo vya duara zioze ziwe mbolea. Siku zote tatu haongei na binti. Siku mbili za kwanza chakula hupelekwa na yeyote. Siku ya tatu binti akikipeleka mwenyewe, amekubali. Akimtuma mtu, amekataa. Kijana hula, hushukuru, huchukua jembe lake, na hakuna aliyeaibishwa. Mama wa binti haruhusiwi kumkumbusha wala kumsukuma.

Yule wa Mpui alianza Alhamisi, shambani kwetu Kasense. Alilala kwa mjomba wake hukohuko. Ijumaa mvua ilinyesha toka asubuhi hadi jioni, nami nikaisikiliza juu ya bati la sokoni nikishona, nikasema moyoni, leo hakulimiki. Kwa hesabu yangu, basi, Jumamosi ilikuwa siku ya pili na Jumatatu ndiyo ya tatu, kwani Jumapili watu wanasali. Na Jumamosi hiyo ilikuwa fainali.

Wifi yangu, mke wa kaka, alinikuta nafunga ugali wa ulezi na kuku kwenye kitambaa.

"Nipeleke mimi?" aliuliza. "Una hakika, wifi?"

"Peleka tu. Jumatatu naenda mwenyewe."

Nikavuka njia kwenda kwa jirani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mchumba anaendeleaje na kilimo?"

"Anamaliza Jumatatu."

Walibaki wanawake wawili. Mmoja alikuwa amekonda tangu nilipoanza kumtazama, mwingine alicheka hata pasipo na la kuchekesha. Mwanamume alikaa kando ya bwawa, akatazama maji. Akatazama mbingu. Wimbo ukapigwa. Nilisinzia kidogo, nikaota niko kwenye foleni yao na sanduku mkononi, halafu nikazinduka na yeye bado anatazama maji. Mwishowe akafungua mdomo.

"Anasema anaomba wiki moja zaidi," mwenyeji wetu akatafsiri.

Kitu kikakatika ndani yangu. Jumamosi kumi na moja nilikuwa nimewavumilia watu wale, masanduku yao na machozi yao, na huyu bwana aliyekula kila siku bila kushika jembe bado anawaza. "Mwambie awaache waende kwao," nikamwambia mama wa watu, kana kwamba ni kosa lake. "Wana kazi za kufanya. Mtu hajui anamtaka nani, anawaweka wenzake mlangoni wa nini?" Akaniambia nikae, chai inakuja. Nikavaa viatu.

Nilikwenda Kasense kwa miguu, bado nina hasira, hata nikafikiri nitakaa pembeni nimwone anavyolima, nitulie. Ukungu ulikuwa unafunguka. Shamba lote lilijaa ntumba, safu baada ya safu, nyeusi, mbichi. Mama yangu alikuwa amekaa ukingoni na vyombo vitupu.

"Amekula," alisema. "Ameshukuru."

"Amekwenda wapi? Leo si ya pili, mama? Jana ilinyesha."

"Jana alikuja. Alilima kwenye mvua."

Nilikimbia. Nilimkuta kwenye njia ya kwenda barabara kuu, jembe begani, suruali yote tope.

"Nilikosea kuhesabu," nikamwambia. "Nilidhani hukuja jana."

"Nilikuja," alisema. Akatazama viatu vyangu, vilivyokuwa safi. "Ulikuwa wapi leo, dada?"

Dada. Sikuweza kumdanganya. "Kwa jirani. Nilikuwa natazama televisheni."

"Kuna nini?"

"Kuna mwanamume anachagua mke."

"Kachagua?"

"Bado. Kaomba wiki moja."

Alitikisa kichwa taratibu, bila ubaya wowote. "Mjomba ameshamtuma mtu Mpui kuwaambia wazee," alisema. "Nisalimie nyumbani." Akaendelea na njia.

Nilijua kilichokuwa mbele yake. Wazee wangepokea jibu, na jibu la shambani halirudiwi. Alioa mwingine mwaka uliofuata. Lakini pale njiani alikuwa bado hatua thelathini kutoka kwangu, kisha hamsini, na nikasema nampenda, kwa sauti, mara mbili. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wake. Nyasi zote zililala kuelekea kwangu, na yeye hakugeuka.