Kilichogonga Tumboni mwa Meli

Shemeji yangu hajui kukaa. Mpe kiti kizuri, cha kuegemea, chenye mto mgongoni, naye atakikalia kama mtu aliyekalia jiko la moto. Goti linatikisika, vidole vinapiga ngoma mezani, macho yanazunguka chumbani yakitafuta skrubu iliyolegea. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye huyo mume, husema kuishi naye ni kama kuishi na feni: hata ukiizima, bado inazunguka kwanza.

Msinilaumu mimi. Alipokuja kuposa niliulizwa maoni, kwa sababu ukoo mzima ulijua mwenye akili ni nani. (Shule niliiacha mapema, ndiyo, lakini niliiacha ili na wengine wapate nafasi ya kushika namba ya kwanza.) Nikasema, "Kijana ni mzuri, ila mfungeni kamba." Walicheka. Leo hawacheki.

Kazi yake ilikuwa fundi wa lifti. Maisha yake yote amepanda na kushuka ndani ya majengo ya watu, mikono ina grisi, kichwa kimeingia kwenye shimo lenye giza. Nilikuwa nikimwambia, "Shemeji, hapa mjini hakuna aliyesafiri kama wewe, na hujavuka hata barabara." Katika mojawapo ya majengo hayo, ghorofa ya chini, palikuwa na ofisi ya watu wa mizigo, na mlangoni kwao meli ya mbao ya kizamani, ya matanga, ndani ya sanduku la kioo. Kila alipongoja kuletewa kifaa alisimama pale akiitazama. Siku moja mtu wa usafi aligonga sanduku kwa ngazi, kioo kikamwagika na mlingoti wa mbele ukavunjika. Wenye ofisi wakataka kuitupa. Shemeji akasema, "Nipeni."

Aliirudisha imesimama wima, mlingoti umeungwa kwa kipande cha mwiko na uzi uliopakwa nta, huoni hata pa kuungia. Meli aliirudisha, ugonjwa akabaki nao.

Na mjue kwamba mtu huyu bahari haiwezi kabisa. Tulipanda kivuko mara moja tu, tukivuka kwenda upande wa pili, akashika shati langu na kutapika kabla kamba haijafunguliwa. Shati lilikuwa jeupe. Sijasahau.

Alipostaafu, chumba cha binti yao aliyeolewa kikageuka karakana. Kitanda kilitolewa, meza ikaingia, na juu ya meza ikaanza kuota meli. Kwanza mkuku, kama uti wa mgongo wa samaki. Kisha mataruma, zile mbavu. Halafu ubao mwembamba baada ya ubao mwembamba, kila mmoja ameushikilia juu ya mvuke wa birika la dada mpaka ulainike, akaukunja na kuubana kwa vibanio vya nguo. Dada akawa ananing'iniza nguo kwa kuzifunga mafundo, maana vibanio vyote vilikuwa baharini. Meli ikakua ikafika urefu wa kitanda cha mtoto. Na ajabu ni kwamba pale mezani tu, akiwa na kisu kidogo na tone la gundi, ndipo lile goti lilipopunguza mwendo. Halikusimama. Lilipunguza.

Sasa pete.

Pete ya ndoa aliivua kila alipofanya kazi, kwa sababu gundi ilishaigandisha kidoleni mara moja na wakaitoa kwa mafuta ya kupikia na matusi. Tena alikuwa amekonda, pete inateleza yenyewe. Siku moja mchana, dada anapakua chakula, akatazama mkono uliokuwa unapokea sahani.

"Pete iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo tu, mama. Kwani pete ina miguu?"

"Pete haina. Mwenye pete ndiye ana miguu, na naona kila wiki inampeleka duka la rangi."

Duka la rangi ni la mama mmoja mjane, mcheshi, kicheko chake unakisikia kabla hujafika. Shemeji hununua kwake vikopo vidogo vya rangi, na huyo mama humwongezea kijiti cha kukorogea, bure. Kijiti tu! Lakini dada yangu alikuwa ameshakihesabu kijiti hicho kama ushahidi.

Shemeji akaanza kutafuta. Alipindua meza, akafagia, vumbi la msasa akalichekecha kwa chekeche la unga la dada, jambo ambalo halikumsaidia chochote mbele ya dada. Alikuwa anaingia chumbani, anatoka, anaingia tena, anainama mahali pale pale alipoinama jana. Mwishowe, katika kuisogeza meli ili atazame chini yake, akasikia: ko, ko, ko.

Kitu kilikuwa kinagonga tumboni mwa meli.

Alinijia nyumbani bila kofia, anahema.

"Shemeji, imo ndani!"

"Nini?"

"Pete! Ilinidondoka kabla sijafunika sitaha. Naisikia inabingirika."

Nilikwenda. Nikaomba glasi, nikaiweka ubavuni mwa meli, nikatega sikio kama daktari, naye akaitikisa polepole. Ko, ko. Nikasema, "Kitu ni kigumu, cha mviringo, na kina uzito wa thamani." Mimi nikisema jambo, nalisema kamili.

"Basi ndiyo yenyewe," akasema.

"Basi pasua."

Mngemwona uso. Ungedhani nimemwambia apasue mtoto. Sitaha ile, yaani sakafu ya juu ya meli, ilikuwa imepangwa kwa vibanzi vyembamba kama kucha, na ukingo wa kila kibanzi ameupaka risasi ya penseli ili uonekane kama umezibwa kwa lami. Juu ya sitaha milingoti ilishasimama, na kwenye milingoti kamba, kila kamba imefungwa fundo lake kwa kibanio cha nyusi. Kupasua sitaha maana yake kukata kamba zote, kung'oa mlingoti mkubwa, na kuanza upya kazi yote ile.

"Hakuna njia nyingine?" akaniuliza.

"Njia zipo, kama una mtu mwenye akili karibu. Ingiza sumaku."

"Dhahabu haishikwi na sumaku, shemeji."

"Najua. Nilikuwa nakupima."

Akajaribu waya wenye ndoana kupitia kitundu cha sitaha. Akajaribu spoki ya baiskeli yenye ubani wa kutafuna nchani. Kitu kikawa kinamkimbia, ko-ko-ko upande wa omo, huko mbele, akiinamisha meli, ko-ko-ko upande wa tezi, huko nyuma. Aliacha kula akiwa ameketi. Alikula akitembea, tonge mkononi, kati ya jikoni na karakana. Dada alimsikia huko chumbani akiibembeleza meli: "Njoo, njoo kidogo, njoo hapa." Kwa sauti hiyo, dada aliniambia, hajabembelezwa yeye tangu mtoto wa kwanza.

"Dada, mumeo anatafuta pete."

"Anajua ilipo?"

"Imo kwenye meli."

"Kama anajua imo kwenye meli, na meli imo mezani, na kisu kimo mkononi, anatafuta nini?"

Nikamwambia nitakwenda kulifikiria, maana swali zuri halijibiwi haraka.

Dada akashusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Binti yao angekuja na gari Jumamosi asubuhi kumchukua akakae kwake. "Kwa muda gani?" shemeji akauliza. Dada akakunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. "Simwambii mtu achague," akasema, kama anayeongea na sanduku. "Nasema tu Jumamosi gari linakuja."

Jumamosi nilifika mapema, maana ndoa ile ikivunjika nani atakayenipikia? Dada alikuwa kwenye ukumbi, ameketi juu ya sanduku lake, mkoba mapajani, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Shemeji alikuwa anatembea. Mlangoni, dirishani, karakana. Mlangoni, dirishani, karakana. Kila akipita mbele ya dada anapunguza mwendo, anafungua mdomo, anapita.

"Nahodha," nikamwambia, "bandari inafungwa."

"Nyamaza, shemeji."

"Mimi nanyamaza. Ila gari la binti yako halijui kunyamaza, likifika litapiga honi."

Akaingia karakana. Halafu tukasikia: tak. Kamba ndogo ikikatwa ina mlio wake, kama mtu anayekata uzi wa kifungo. Tak. Tak. Dada akaacha kujipepea. Tak, tak, tak, sasa haraka haraka, kama mtu anayejiwahi kabla hajajizuia. Dada akainuka, akasimama kwenye fremu ya mlango, na mimi nyuma yake nikichungulia juu ya bega.

Alikuwa ameng'oa mlingoti mkubwa na kuulaza mezani, kamba zote zimelegea kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Kisu kikapita kwenye sitaha. Vibanzi vikachanika kwa sauti ya kijinga, kama karatasi. Akaingiza vidole viwili, ulimi nje, macho yamefumbwa. Akapapasa. Akashika.

Akafungua mkono.

Ilikuwa peremende. Peremende nyeupe ya mnanaa, ya mviringo, imeingia vumbi la msasa.

Wote wawili wakanigeukia.

"Peremende wanakula watu wengi," nikasema. "Hata mjini zinauzwa." Nani aliyekuwa akipenda kusimama juu ya meli ile wazi akitoa ushauri wa bure huku ana kitu mdomoni, mimi sijui, na ushahidi hakuna, maana shemeji aliitupa dirishani.

Kisha akaketi. Nasema aliketi, tena mgongo umeegemea kiti. Mikono mapajani. Na goti halikutikisika. Dada alilitazama lile goti. Mimi pia nililitazama. Tulizoea kulilalamikia, na sasa lilikuwa limetulia kama goti la mtu mwingine, likatutia hofu.

"Baba watoto," dada akasema.

Macho yake yalibaki kwenye sitaha iliyochanika.

"Wewe. Tikisa mguu."

Nje honi ikapiga. Dada hakugeuka. Alisogea mezani akaanza kukusanya, kama wanawake wafanyavyo wakikosa la kufanya: kibanzi hiki hapa, kamba ile pale. Akauokota mlingoti mkubwa auweke pembeni. Mlingoti ule, niwaeleze, ulikuwa umevishwa bangili nyeusi kutoka chini hadi juu, kwa sababu meli za zamani milingoti yake ilifungwa kwa mikanda ya chuma isipasuke. Shemeji alizikata kutoka kwenye bomba la shaba la friji bovu, akazitunga kwenye waya, akazichovya zote pamoja ndani ya kopo la rangi nyeusi.

Dada aliushika mlingoti, na pete yake ikagonga bangili moja. Ting. Akasimama. Akateremsha kidole, bangili ya kwanza, ya pili, ya karibu na chini, ile nene mahali mlingoti unapoingia kwenye sitaha. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Hizi nyingine bapa," akasema. "Hii mbona ina tumbo?"

"Ipi?" shemeji akasema bila kuinua kichwa.

Dada akaiweka pete yake kando ya ile bangili, akazitazama kwa jicho moja. Akakwaruza kwa ukucha. Rangi nyeusi ikabanduka kidogo, na chini yake pakawa na njano.

Goti likaanza kutikisika.

"Ah!" shemeji akasema. "Ah, ah, ah. Waya! Niliitundika kwenye waya, pamoja na bangili. Niliitundika pale isipotee!"

"Ukaichovya."

"Nikaichovya."

"Ukaivalisha mti."

"Ilikaa vizuri mno," akasema yule mjinga, na nikaona dada anauma midomo kuzuia kicheko, kisha hakukizuia. Alicheka mpaka akashika meza. Honi ikapiga tena, nikatoka mimi kumwambia mpwa wangu azime gari aingie, kwamba mjomba wake ametatua kesi.

Niliporudi walikuwa wanabishana. Pete ilikuwa imegandishwa kwa gundi, na juu yake na chini yake zipo bangili nyingine. Haitoki ila mlingoti ukatwe. Shemeji alikuwa ameshika msumeno mdogo na kumtazama mkewe kwa matumaini, kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba basi, inatosha, iache hapo hapo, mapenzi yetu yakae kwenye meli.

"Kata," dada akasema.

Akakata.

Sasa pete imerudi kidoleni, ina weusi kidogo upande wa ndani ambao haukutoka hata kwa petroli. Meli haina mlingoti mkubwa wala sitaha, na shemeji ameanza tena, birika lipo jikoni linachemka, vibanio vya nguo vimepotea. Akianza kazi, pete anampa dada, naye anaivaa kwenye kidole gumba na kuketi hapo hapo karakana kuilinda, kwa kuwa hamwamini tena na waya wowote. Jana nilimkuta anamuuliza, "Na hii kamba inakwenda wapi?" Shemeji akamweleza. Dada akasema imekaa vibaya. Shemeji akasema haijakaa vibaya. Wakaendelea hivyo mpaka nikaondoka bila kuagwa.

Sanduku lile lipo bado kwenye ukumbi, halijafunguliwa. Dada anasema linasaidia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Shemeji kila akilipita hupunguza mwendo. Na mimi nimepigwa marufuku kuingia karakana na kitu chochote mdomoni, hata neno.