Jioni Mchuzi wa Goa Ulipoungua

Iko jioni moja ambayo hunirudia kila nikisikia harufu ya haradali ikikaangwa, mwanangu, nami si mtu wa kupenda kurudishwa nyuma. Nilikuwa bado kijana, nimepanga vyumba viwili Nkuhungu, Dodoma, na mke wangu Yudithi. Tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, binti aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia kiti. Homa ilimchukua upesi. Sitaeleza zaidi ya hapo, maana hata leo siwezi.

Baada ya mazishi Yudithi aliacha kula. Majirani walimletea uji, akaonja na kuurudisha. Ugali wa uwele na mlenda, ambao aliupenda kuliko nyama, hakuugusa. Nguo zikaanza kumpwaya. Nilimwona akiisha mbele ya macho yangu na sikujua la kufanya, basi nikanunua kitabu.

Kilikuwa kitabu cha mapishi ya Kihindi, nilikikuta kwa muuza vitabu chakavu sokoni. Kila jimbo lilikuwa na sura yake: Punjab na dengu zao, Gujarat na mboga zenye sukari kidogo, Kerala na tui la nazi, Goa na samaki wa ukwaju. Nikajiambia kwamba mtu aliyechoshwa na ladha za kwao huenda akaamshwa na ladha ya mbali. Usinicheke. Mwanaume wa Kigogo, miaka ile, anatwanga giligilani uani huku majirani wanachungulia! Walinisema mpaka wakachoka wenyewe.

Kila jioni nikitoka kazini nilipitia sokoni kununua iliki, uwatu na mbegu za haradali, kisha nikawasha jiko la mkaa. Nazi zilizofika Dodoma nyingi zilikuwa zimeshaoza, hivyo mara nyingi nilitumia mtindi. Nilikuja kuwa fundi, sijisifu. Nilimpelekea sahani chumbani, nikaiweka kwenye stuli kando ya kitanda, nikarudi kusugua sufuria. Baadaye naikuta imepoa, imeguswa pembeni tu. Kesho yake nafungua ukurasa mwingine.

Mama yake akaja kutoka kijijini, upande wa Mtera, kumtazama. Ujue kwetu mama mkwe na mkwe hawali pamoja, na akipita mlangoni mimi nasogea pembeni na kuinamisha macho. Alileta perege wa bwawani, akawaweka kizingitini pa jiko bila kuingia, nami nikamshukuru kwa mbali. Nikaamua kuwapika kwa namna ya Goa.

Nilikuwa nimeinamia jiko, nahangaika na ukwaju, mara nikasikia kigoda kikivutwa. Mama mkwe alikuwa ameingia jikoni na kukaa karibu nami, magoti yetu nusura yagusane. Nilitaka kutoka. Akanizuia kwa mkono.

"Baba Nyemo," aliniita.

Tangu tumzike Nyemo hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Wote walilikwepa jina la mtoto, na mimi nikiwa wa kwanza. Mke wangu, niliyezoea kumwita Mama Nyemo, nilikuwa nimerudi kumwita Yudithi, utadhani mtoto hakuwahi kuwapo.

"Nimekuvunjia heshima kuingia humu, unisamehe," alisema. "Ila kesho naondoka na binti yangu. Nimekaa hapa naangalia. Chakula chako kizuri, harufu inafika mpaka barabarani. Lakini unakiweka, unakimbia. Hujakaa naye hata kidogo. Unamwogopa?"

"Mama, mimi nataka ale."

"Atakulaje peke yake? Mtoto mlimzaa wawili, halafu umemwachia yeye amlilie. Nenda ukakae naye. Ukishindwa, asubuhi tunapanda basi."

Nikasema mchuzi utaungua. Akasema, "Uache uungue."

Nikaenda. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, mikono inanuka vitunguu saumu. Nikasema tu, "Mama Nyemo." Alilia kilio ambacho sijakisikia tena maishani, nami nikalia, na harufu ya samaki walioungua ikajaa chumba kizima. Kisha akaanza kunieleza siku ile ya homa ilivyokuwa, mambo ambayo nilikuwa sijamuuliza. Asubuhi mama mkwe alipanda basi peke yake.

Usidhani mambo yalinyooka. Mama Nyemo alianza kula, taratibu, na mapishi ya kile kitabu tukawa tunayapika pamoja Jumapili kwa miaka mingi. Lakini mtoto mwingine hatukumpata, na kuna siku nyumba ilikuwa nzito kiasi kwamba hata redio hatukuwasha.

Mwaka juzi Mama Nyemo naye akaniacha. Hata baada ya matanga kuanuliwa, watu wema wameendelea kuniletea chakula. Hata mchuzi wa kuku wa nazi nimeletewa, umefunikwa vizuri. Wanapiga hodi, "Shikamoo babu, chakula hiki hapa," wanaweka mezani, wanatazama simu, wanaondoka. Nawaelewa. Nakula nikitazama ukuta, na mara nyingi nashindwa kumaliza.

Nakuusia, wewe ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa: mwenye huzuni mpikie, tena mpikie kizuri, na kama wewe ni mwanaume usione haya. Lakini ukishaweka sahani, vuta kiti ukae. Mtaje aliyekufa kwa jina lake. Usiyaogope machozi yake, wala usijifanye una kazi jikoni. Kama huna la kusema, nyamaza, unawe mikono, ule naye sahani moja.

Mungu akulinde. Akujalie nyumba yenye watu wa kula nao, na siku ya msiba wako, maana itafika, akuletee mtu asiye na haraka.