Taya la Emna na Mbegu za Alizeti

Nyuma ya soko la samaki la mji wa Sfax, mtu akikuambia mkutane mlangoni kwa Bibi Shedlia, ana maana ya viti vifupi vitano na kilima cha maganda ya mbegu za alizeti. Bibi amezivunja kwa meno ya mbele jioni zote za maisha yake, na mjukuu wake Emna alijua kuzivunja kabla hajajua kusoma.

Emna alipofika miaka kumi na saba, taya lake la kushoto likaanza kualika, kutoa mlio wa "ka", kila anapopiga mwayo. Kisha asubuhi moja likakwama. Kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja, na mkate haukupita.

Daktari wa meno, Lobna, mwanamke wa maneno machache, aliwaonyesha picha ya eksirei. Pale mbele ya sikio, ncha ya mfupa wa taya ilikuwa imeanza kulika.

"Umri wako ndio bahati yako," alimwambia. "Mfupa wa kijana ukipumzishwa huweza kujijenga. Usipopumzika, kidevu kitakwenda upande, halafu tutazungumza habari za upasuaji."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lobna akamtengenezea bamba la plastiki ngumu linalokaa juu ya meno ya chini, alivae usiku na mchana, alivue wakati wa kula tu, na chakula kiwe laini. Emna alitii. Alikunywa supu, alikula kuskusi iliyolowa, alizungumza kwa kitembe hadi wenzake shuleni wakachoka kumwigiza. Baada ya miezi mitatu akarudi na Bibi. Kinywa kilikuwa bado kidole kimoja, na maumivu yale yale.

Lobna akafungua kikasha cha bamba, akatoa kitu cheusi kwa ncha ya kucha.

"Ganda la nini hili?"

"La alizeti," Emna akasema taratibu.

"Si nilikwambia chakula laini?"

Bibi akaingilia. "Daktari, wallahi mtoto hajala kitu kigumu. Mbegu si chakula. Mbegu ni maongezi."

"Na mnaongea kila siku?"

"Sasa tununiane?"

"Kwa saa ngapi?"

"Tatu. Kiangazi, nne."

Lobna alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alipocheka, jino lake la mbele likaonyesha kijipengo kilichochimbwa na mbegu, kama cha Emna, kama cha Bibi, kama cha nusu ya mji.

"Kosa ni langu, Mama. Nimezaliwa hapa hapa na sikuuliza. Lakini maongezi hayo yanamla mtoto taya."

Jioni ile Emna alikaa mlangoni, bamba mdomoni, mikono imekosa kazi. Bibi akafungua mfuko wake, asitie hata mbegu moja kinywani. Alizipasua kwa kucha za gumba, moja moja, viini akavidondosha katika kikombe cha kahawa.

"Kesho nitavisaga na asali, utakula kwa kijiko."

"Tafuna zako, Bibi. Watu watakucheka."

"Nitatafunaje na wewe umenikodolea macho kama paka wa buchani? Na wacheke. Wananicheka tangu niolewe na babu yako, na nipo."

Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kilijazwa kwa miezi kumi na moja. Kila mwezi Lobna alilisugua bamba kidogo ili likae sawa na meno. Kila jioni Bibi alipasua mbegu, na kucha zake zikachanika, zikaingia weusi usiotoka kwa sabuni.

Picha ya mwisho ilionyesha ukingo mpya, mzima, pale palipolika. Lobna akamwambia Emna ajipime. Vidole vyake vitatu vikaingia bila taya kualika.

"Vidole vyenyewe vya mtoto," Bibi akasema. "Hebu fungua."

Akaingiza vyake vitatu, vinene, vya kazi. Emna akaonja chumvi ya mbegu iliyojaa kwenye mipasuko ya kucha zile, na machozi yakamtoka. Bibi alipovitoa ili avifute kwenye shela, Emna akauwahi mkono wake, akaubusu kidole kwa kidole.