Chupa ya Maji ya Karo

Tangu mama yake afe, mwaka wa 1951, Adinani alikuwa na haja moja tu: siku ya hitima ya mama huyo, inayosomwa kila mwaka, ale sinia moja na wajomba zake, kwao Mbekenyera. Kwa miaka miwili walikuwa wakimpakulia peke yake kwenye bakuli la bati, kama mtu mwenye ukoma. Kisa ni kazi yake.

Kule Nachingwea, Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa na maabara. Adinani alichota maji machafu kutoka kwenye karo, shimo la vyoo vya nyumba zao, akayapitisha polepole katika pipa lililojaa maganda ya karanga, kisha akayapima. Maji ya karo yalikuwa na naitreti, chumvi inayojipenyeza ardhini hadi visimani na kuwadhuru watoto wachanga. Yakitiwa dawa, yaligeuka manjano. Wiki baada ya wiki manjano ile ilififia, mpaka asubuhi moja maji yaliyotoka kwenye maganda yakatiwa dawa yakabaki meupe. Naitreti ilikuwa imekwisha. Adinani alicheka peke yake kama mwendawazimu.

Akakinga mengine chupani, akaziba, akaenda nayo hitimani. Alijua bado hayafai kunywewa. Lakini wakiona yalivyo maangavu, aliwaza, watajua mkono wangu haushiki uchafu tu, unauondoa.

Dua ikaisha, masinia yakaletwa. Mjomba Mikidadi, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshanawa. Adinani akaitoa chupa mfukoni mwa kanzu.

"Mjomba, tazama. Haya ndiyo maji ninayoyashika."

"Ya kisima gani?"

"Ya karo. Ila nimeyatoa..."

"Ya chooni?" Mikidadi akarudisha mkono. "Mpwa wangu, leo tunamsomea dada yangu, nawe unatuletea choo cha Wazungu mbele ya wali wake?"

"Angalia basi, Mjomba! Hayana hata rangi."

"Si unywe, tuone!" akadakia mtu wa sinia la pili. Watu wakaangua kicheko.

Adinani hakunywa, wala hakuweza kuwadanganya kwamba yanafaa. Hapo shauri likaisha. Sabaha, mke wa Adinani mwenyewe, akamwekea bakuli la bati bila kumtazama usoni.

Hakuligusa. Alitoka, akaimwaga chupa chini ya mkorosho wa marehemu mama yake.

"Jamani, kaumwagia mti maji ya choo!" mtu akapiga kelele.

Msimu ule korosho za mti huo zilianguka zikaota palepale chini. Hakuna aliyeziokota. Hata Sabaha, akienda shambani, aliuzunguka mti ule kwa mbali.