Sala ya Jioni Jikoni kwa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa rekodi. Kila jioni, akirudi kutoka kwenye shamba lake la chai, anaweka simu dirishani na kufungulia kwaya za makanisa makuu ya Kianglikana huko Uingereza, zikiimba Sala ya Jioni: Wimbo wa Mariamu, kisha Wimbo wa Simeoni. Mimi zilikuwa zinanichosha. Hakuna ngoma, hakuna kigelegele, hakuna hata anayetokwa jasho.

"Hawa watu wanaimba kama wanaogopa kumwamsha mtoto," nilimwambia.

"Sikiliza kwanza, mama. Wewe unataka kila wimbo uwe harusi."

Yeye ni besi katika kwaya ndogo ya kanisa letu hapa Tukuyu. Alikuwa, niseme. Mwaka jana daktari kule Mbeya alimkuta na uvimbe kooni, akasema lazima ukatwe, na huenda sauti isirudi. Mwenzangu hakulia. Aliomba muda kidogo tu, kwa sababu alitaka kwaya yetu irekodiwe ikiimba Sala ya Jioni, safi, kama zile za kwenye simu. Nami nilikubali haraka, kwa sababu zangu. Nilitaka sauti yake ibaki nyumbani.

Ila ilikuwa Aprili. Aprili ya Tukuyu, na kanisa la bati! Wakianza tu, mvua nayo inaanza, hata kinanda hakisikiki. Wanangoja ipungue, haipungui. Siku moja mume wangu alikitupa kitabu cha nyimbo kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Unangoja mvua ya Tukuyu iishe?" nikamfokea. "Utazeekea hapo hapo."

Aliyetuokoa ni mama mkwe, anayekaa Mpuguso. Jiko lake limeezekwa kwa nyasi. Miaka yote tumemsumbua aweke bati, naye anakataa katakata. "Njooni mwimbie jikoni kwangu," akasema. "Nyasi hazina kelele."

Basi kwaya nzima ikabanana humo, moshi machoni, mwimbaji mmoja ameketi juu ya gunia la viazi, mvua inanyesha nje taratibu. Simu niliishika mimi. "Sauti ya mtu isijitokeze," mume wangu akawaonya. "Tusikike kama mtu mmoja." Wakaimba, jamani! Hata mimi mbishi, mwili ulinisisimka. Mama mkwe alisema "ndaga fijo," asante sana, akarudia na kurudia.

Wiki iliyofuata mume wangu akafanyiwa upasuaji. Koo limepona, Mungu ashukuriwe, lakini sauti haikurudi. Sasa ananong'ona tu.

Jioni aliyotoka hospitali nilifungulia rekodi yetu, nikakaa kumtafuta. Nikarudia. Nikabandika sikio kwenye simu. Kwaya ilikuwa tamu, besi ipo chini imetulia, lakini hakuna mahali niliposema huyu ndiye. Hasira zikanipanda.

"Wewe uko wapi humu?"

Akacheka bila sauti, uso wote ukachangamka.

"Hunisikii?" akanong'ona. "Basi niliimba vizuri."

Akaniomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akafumba macho kwa raha, nami nikageukia ukutani asinione ninavyolia. Kwaya ya nini mimi? Nilikuwa namtaka yeye.